Haki ya Kuota Moto

Ndugu zetu wasomaji wa Dar es Salaam, Tanga na Kigoma, ambao usiku hufungua madirisha wakitafuta upepo, huenda wakashangaa tukisema kwamba katika nchi hii hii moto wa kuota ni jambo la kuulizana katika dhamiri. Walio Karatu na Ngorongoro hawatashangaa. Mji wa Karatu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta kiasi cha mita 2,300. Kuanzia Juni hata Agosti ukungu hufunika ukingo ule, na usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mzee, mtoto mchanga na ndama aliyezaliwa jana, wote wahitaji moto.

Moto wenyewe ni wa kuni, na kuni zina sheria yake. Tangu Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959, watu, mifugo na wanyama wa porini wamewekwa pamoja chini ya mamlaka moja. Mti mbichi haukatwi. Kuni kavu ndizo ziokotwazo. Mwenye kuokota ni mama, naye huenda mbali, katika njia za nyati na tembo. Wala hatusemi kwamba sheria hiyo ni mbaya. Msitu ule hunasa ukungu na mvua, ukalisha chemchemi zinazoinywesha Karatu na mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Ukiteketea, atakayelia kwanza ni mkulima maskini.

Basi wako wasemao: waache kuni, watumie gesi. Ni kweli kwamba mwaka 2024 Serikali ilitangaza mkakati wake, ili ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Nia hiyo twaisifu kwa moyo. Moshi wa jikoni huharibu macho na mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa namna hiyo uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020. Lakini hebu tulitazame neno lenyewe: kupika. Mtungi wa gesi wa kilo 6 huivisha ugali upesi, kisha huzimwa, na nyumba hubaki baridi kama ilivyokuwa. Mafiga matatu hupika, hupasha nyumba joto, hutoa mwanga na kukausha nguo, yote kwa kuni zile zile. Mama aliyepewa mtungi kisha akarudia kuni, sisi hatumwiti mkaidi. Amehesabu kazi ambazo waliompa hawakuzihesabu.

Na umeme je? Hita ndogo ya wati 1,000 ikiwaka saa 4 kila usiku hula uniti 120 kwa mwezi, na bei nafuu ya mtumiaji mdogo hukoma kwenye uniti 75. Moto huo ni wa mwenye mshahara.

(Wairaqw wa zamani walikuwa na busara yao. Walijenga nyumba iliyochimbiwa ubavuni mwa kilima, paa lake udongo, na ng'ombe wakalala ndani wakitoa joto bila malipo. Leo twaezeka mabati. Kwa mvua ni maendeleo. Kwa baridi, sivyo.)

Kitabu cha Kutoka kina amri moja ambayo yafaa ikumbukwe hapa. Mtu akichukua joho la maskini kuwa rehani, sharti amrudishie kabla jua halijatua, kwa kuwa hana kingine cha kujifunika. Tuangalie vema: amri hiyo haimkatazi mdai kuchukua rehani. Deni lake ni halali. Ila usiku una haki yake, nayo hutangulia. Hivyo ndivyo tuuonavyo msitu. Taifa limeushika kwa ajili ya maji, wanyama na wageni waletao fedha, na laushika kwa haki. Lakini jua likitua, aliyeushika hudaiwa na asiye na kingine. Katika baadhi ya hoteli za ukingoni mgeni huwashiwa moto na kuwekewa chupa ya maji ya moto kitandani. Hatumwonei kijicho. Twauliza tu kwa nini joto lake lihesabiwe kuwa huduma, na joto la mchungaji lihesabiwe kuwa uharibifu.

Dawa si ngumu kuijua. Jiko la matofali lenye dohani hutoa moshi nje, hutumia kuni chache, na matofali yake hushika joto hata makaa yakiisha kufa. Gharama yake yazidi uwezo wa wengi, basi sehemu ya viingilio vya watalii ingefaa kwenda huko. Wenye mashamba Karatu waweza kupanda migrevilea mipakani, na wengi wameipanda. Aliye ndani ya Hifadhi, ambako kilimo hakiruhusiwi, hana shamba la kupanda. Huyo yafaa apelekewe kuni za miti ya kupandwa kwa bei anayoiweza. Mti huchukua miaka, na baridi ya Juni haingoji. Mzigo wa kwanza uende kwa wajane, na kwa mama waliojifungua.