Haki ya Mdogo Kusema "Siwezi"

Tunapojadili maadili huwa tunatoa mifano ya watu: mzazi na mtoto, mkopeshaji na mkopaji, mtawala na raia. Katika insha hii nachukua mfano wa mashine, kwa sababu walioziunda walilazimika kujibu swali ambalo sisi wanadamu hupenda kuliahirisha. Je, asiyeweza kutimiza makubaliano yote ya kundi anaweza kuwa mwanachama halali wa kundi hilo? Na kama anaweza, ni mambo gani anaruhusiwa kuyaacha?

Kompyuta huwasiliana kwa itifaki, yaani kanuni walizokubaliana waundaji wake: nani aanze kusema, ujumbe ukatwe vipande vya ukubwa gani, aliyepokea atoeje risiti, na kipande kikipotea ifanyweje. Itifaki ya TCP, ambayo barua pepe na sehemu kubwa ya intaneti huitegemea, ina kanuni nyingi. Kompyuta kubwa huzitekeleza karibu zote. Lakini zipo chipu ndogo, kama zile zinazowekwa kwenye vipima joto, ambazo kumbukumbu yake haizidi kilobaiti chache. Ilidhaniwa kwamba TCP ni mzigo mzito mno kwa chipu hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Adam Dunkels wa Uswidi aliandika programu ndogo iitwayo uIP, na chipu hizo zikaweza kuzungumza na seva za kawaida bila seva hizo kubadilishwa.

Tuangalie alichokiacha. Kompyuta kubwa hutuma vipande vingi mfululizo kabla ya kupata risiti; uIP hutuma kimoja, kisha husubiri. Kompyuta kubwa hutunza nakala ya kila ilichotuma hadi risiti ije. uIP haina nafasi ya kutunza nakala, kwa hiyo kipande kikipotea huiomba programu iliyokitoa ikitengeneze upya. Matokeo yake ni mwendo wa pole. Tena mpokeaji mkubwa mara nyingi huchelewesha risiti kwa takriban sekunde 0.2 akitarajia kipande cha pili, ambacho uIP haiwezi kukituma kabla ya risiti ya kwanza. Kwa ajili hiyo ilibuniwa njia ya kukikata kipande kimoja kuwa viwili, ili mpokeaji akiona cha pili atoe risiti mara moja. Hakuna kanuni iliyovunjwa, wala aliyedanganywa.

Nikitazama yote yaliyoachwa, naona gharama yake imemwangukia mdogo mwenyewe. Yeye ndiye anayesubiri, na yeye ndiye anayefanya kazi mara mbili. Hiki ndicho kipimo changu cha kwanza: unaweza kuacha sehemu ya makubaliano ikiwa anayelipia pengo hilo ni wewe.

Historia inatuonyesha yanayotokea gharama inapowaangukia wengine. Oktoba 1986, kasi ya mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Njia ilikuwa imesongamana, na kila kompyuta iliyokosa risiti ilituma tena na tena, ikiongeza msongamano uleule ulioichelewesha. Van Jacobson na Michael Karels walitafuta dawa, iliyochapishwa mwaka 1988: mtumaji aanze polepole, na akiona vipande vinapotea apunguze kasi. Kabla ya hapo, kanuni hazikumtaka afanye hivyo. Kwa hiyo kufuata maandishi hakutoshi kumwondolea mtu lawama. Inabidi atazame pia wanaotumia njia hiyohiyo na ambao hazungumzi nao. uIP inapita katika mtihani huu kwa sababu ya udogo wake: anayetuma kipande kimoja na kusubiri hawezi kuifurika njia.

Kipimo cha pili ni namna ya kukataa. Itifaki ya zamani ya Telnet, iliyowekewa kanuni zake rasmi mwaka 1983, ina maneno manne ambayo kwa Kiswahili tungeyaita "Nitafanya", "Sitafanya", "Fanya" na "Usifanye". Kila huduma ya ziada hujadiliwa kwa maneno hayo, na hakuna anayelazimishwa kuikubali. Kifaa kisichojua huduma yoyote ya ziada bado kinaweza kushiriki, mradi kijibu "Sitafanya" kinapoambiwa "Fanya", na "Usifanye" kinapoambiwa "Nitafanya". Kisichoruhusiwa ni kusema "Nitafanya" huku hakiwezi. Ahadi ni deni, na mwenzako ataanza kutuma akiitegemea.

Sisi tunaojifunza Kiswahili nchini Uganda tunalielewa jambo hili. Katika masoko ya Kampala utamsikia mtu akisema "kiti yangu imevunjika", na mgeni kutoka Mombasa akamwelewa vizuri. Ngeli imeachwa, gharama ni ndogo, na mazungumzo yanaendelea. Lakini mgonjwa anayeitikia "ndiyo" kwa swali la daktari ambalo hakulielewa ameyavunja mazungumzo kuliko aliyekosea ngeli mara kumi. Kiswahili chake kidogo kingemtosha kama angesema, "Hapo sijaelewa."

Huenda mtu akapinga kwamba natia ukali pasipohitajika. Jon Postel, katika maelezo ya TCP ya mwaka 1980, alishauri kwamba kila mmoja awe mwangalifu katika anachotuma na mpole katika anachopokea. Ni ushauri unaofanana na utu wetu: msamehe mwenzio anapokosea. Mimi naukubali nusu. Kosa likisamehewa kimya kimya, mkosaji halijui, wengine wanaliiga, na mwishowe kosa linakuwa kanuni ambayo haikuandikwa popote. Mwaka 2023 Martin Thomson na David Schinazi walichapisha waraka wa kuonya juu ya hatari hiyo. Na anayeumia zaidi ni mdogo anayekuja baadaye. Mkubwa ana nafasi ya kubeba makosa yote yaliyozoeleka. Mwenye kilobaiti chache anaweza kubeba kanuni zilizoandikwa tu.

Basi upole wa kweli wa mkubwa ni upi? TCP inatoa mfano. Nyongeza zake karibu zote hutanguliza aina na urefu wake, na kanuni inamtaka asiyeifahamu nyongeza fulani airuke bila kulalamika. Aliyebuni nyongeza alimfikiria asiyeijua, akamwachia pa kupita. Huo ni upole uliopangwa mapema na kuandikwa wazi, na kila mdogo anaweza kuutegemea.

Hata hivyo, haki ya kusema "siwezi" haimlazimishi mwenzako akubali. Seva ya benki ikitaka mazungumzo yafichwe kwa usimbaji, na kifaa kikajibu kwamba hakiwezi, seva ina haki ya kufunga mlango, kwa kuwa hapo gharama ingewaangukia wenye fedha. Mdogo ataondoka bila alichokitaka. Lakini ataondoka akijua sababu, na fedha za watu zitabaki salama. Mimi naona hilo ni bora kuliko "ndiyo" ya uongo, na naona pia kwamba ni wajibu wa wenye nguvu kuhakikisha kwamba milango ya namna hiyo inafungwa pale tu penye hatari ya kweli.