Rudisheni Kinga

Ndugu zangu maseremala, nanyi wenye karakana, nanyi vijana mnaojifunza kazi kwa kusukuma mbao na kufagia maranda: neno hili ni lenu, na nawaomba mlisome mashine zikiwa zimezimwa.

Katika Torati kuna amri fupi ambayo wahubiri wengi huipita haraka. Iko katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mapaa ya nchi ile yalikuwa bapa. Watu walipanda wakaanika kitani, wakakaa huko kupunga upepo. Tazameni amri hii inamwelekea nani. Haimwambii anayepanda awe mwangalifu. Haimtumi mwenye nyumba akaombe watu wasianguke. Inamwambia ajenge ukingo kabla mtu hajaanguka, na asipojenga, damu inaulizwa kwake.

Naikumbuka amri hiyo kila ninapoingia karakana ya fenicha, iwe Keko hapa Dar es Salaam au Gikomba kule Nairobi, nikakuta spindo, mashine ya kuchongea moldini, inazunguka wazi katikati ya meza na kijana anasukuma ubao kwa vidole vitupu, huku visu vikipita pembeni ya kidole gumba chake. Lile ni paa lisilo na ukingo. Na karibu kila mlango wa kabati mnaouona umewekwa barabarani ukisubiri mteja, wenye moldini nzuri na paneli iliyochongwa ukingo wake, umepita hapo.

Msumeno wa meza unatisha kwa sauti na kwa meno yake, na kwa sababu hiyo watu wanauheshimu. Spindo haitishi. Mhimili wake umesimama wima, umevaa kichwa cha visu, na ukishika kasi visu hugeuka kivuli. Jicho linaona kama hakuna kitu. Pigeni hesabu pamoja nami. Kichwa chenye kipenyo cha milimita 125, kikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ncha ya kisu chake inakwenda mita 39 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Basi la mikoani likikimbia hivyo, abiria wote wangesimama kumpigia dereva kelele. Lakini kijana wetu anasimama mbele ya kasi hiyo siku nzima, sentimita chache kutoka kwenye mkono wake, na hakuna yeyote anayepiga kelele.

Najua mtakalosema, kwa maana husemwa katika kila msiba wa kazini: ajali haina kinga. Maneno hayo yametulaza usingizi mrefu. Kwa spindo si ya kweli! Ajali yake ina kinga. Mashine ilitoka na kinga hiyo kiwandani, ikafunguliwa kwa spana na kutupwa nyuma ya rundo la mabanzi, kwa sababu fundi aliona inamchelewesha. Au mashine ilinunuliwa mtumba ikiwa imeshavuliwa kila kitu, na hakuna aliyeuliza vifaa vyake viko wapi. Tukishaitupa kinga kwa mikono yetu, tusimwambie mama wa kijana kwamba haikuwepo.

Nawasihi mlishike jambo hili moja: kinachoulinda mkono ndicho kinachotoa mlango mzuri. Fundi anayevua kinga akidhani anaongeza kazi anapoteza vyote viwili, na nitawaonyesha hapo hapo kwenye meza.

Angalieni fensi. Spindo ina fensi mbili, ya kuingilia na ya kutokea, na katikati kuna pengo ambalo visu vinatokeza. Ubao mwembamba ukifika mwisho wake hukosa pa kuegemea, ncha yake inadumbukia kwenye pengo, visu vinaidaka. Mara nyingine ubao hurushwa nyuma na mkono unaufuata ulikotoka. Ukiponea, utabaki na lile bonde dogo mwishoni mwa moldini, ambalo mafundi hulijaza unga wa mbao na gundi wakidhani mteja haoni. Sasa chukua ubao mmoja mnyoofu, ufunge kwenye fensi zote mbili, uwe na tundu la kutosha kisu tu. Pengo limekwisha. Weka vipande vya kubana, kimoja kiubane ubao kuelekea fensi, kingine kiubane chini mezani. Vidole havina njia ya kupita, na ubao hauna nafasi ya kurukaruka. Moldini inatoka laini kutoka mwanzo hadi mwisho, msasa unapita mara moja tu. Kama karakana yako ina uwezo wa kununua fida, ile mashine ya magurudumu inayosukuma ubao yenyewe, inunue kabla ya kununua mashine nyingine yoyote. Inasukuma kwa mwendo mmoja bila kuchoka, na mikono yako inabaki mbali.

Nije kwenye visu, na hapa nasema kwa uchungu. Kuna kichwa cha zamani ambacho bado kinatumika: kola mbili zenye mifuo, visu viwili bapa vimewekwa katikati, nati ikakazwa juu. Kinachovishika visu hivyo ni msuguano peke yake. Kimoja kikizidi kingine upana kwa unene wa nywele, kola zinakibana kile kipana, na kile chembamba kinakaa pale kikisubiri kuruka. Fundi aliyevisaga kwa jicho, tena kutoka kipande cha springi ya gari, hawezi kujua tofauti hiyo. Kisu kikichomoka hakichagui. Kitampata anayesukuma, au mpiga msasa aliyekaa upande wa pili, au mtoto aliyemletea baba yake chakula.

Vichwa vya siku hizi vimetengenezwa na watu waliowazika wenzao wakajifunza. Kisu kina tundu linaloingiwa na pini, hivyo hakiwezi kuteleza kikatoka. Mbele yake kuna kizuizi cha umbo lile lile, na kisu kinakizidi kwa milimita 1.1 tu, basi hata ubao ukisukumwa kwa pupa hauwezi kung'atwa kwa kina, na hatari ya kurushwa inapungua. Uingereza iliwataka mafundi wake wanaosukuma mbao kwa mkono wavitumie vichwa vya namna hiyo tangu mwishoni mwa 2003. Tafuteni herufi zilizochongwa kwenye chuma chenyewe: MAN ni ruhusa ya kusukuma kwa mkono, MEC ni kwa mashine ya kusukuma peke yake. Pembeni yake kuna kasi ya juu kabisa ya kichwa hicho. Isomeni kabla ya kuhamisha mkanda kwenye puli! Kichwa kikubwa cha kuchongea paneli hakipewi kasi ya kichwa kidogo. Na kichwa chenye tundu la inchi moja na robo, yaani milimita 31.75, hakivishwi kwenye mhimili wa milimita 30 kwa kuzungushia bati la kopo. Nasema hivyo kwa kuwa mnajua kwamba hufanyika.

Halafu umeme. Spindo nyingi ni za fezi tatu, na waya mbili zikibadilishana nafasi mota inazunguka kinyume. Mashine ikihamishwa, au mtu akigusa waya za swichi kuu, kabla hujafunga kichwa chochote washa mhimili ukiwa mtupu, zima, utazame unakozunguka. Ubao lazima uende kinyume na mzunguko wa visu. Ukienda pamoja nao, visu vitaunyakua na kuurusha mbele, na mkono ulioushika utavutwa vilevile. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kitu cha kwanza ni kuzima swichi, kabla hata ya kusema neno. Maana mashine imesimama kimya, kijana anapangusa maranda kwenye visu kwa mkono, na umeme unarudi bila hodi. Iko swichi inayojizima yenyewe umeme unapokatika, isiyowaka tena mpaka ibonyezwe. Bei yake ni ndogo mno ukiipima na mkono mmoja wa kijana mwenye miaka 19.

Sasa tutengeneze mlango, tuone kama nimesema kweli. Ni mlango wa kabati la jikoni, wa mninga, upana milimita 400. Mbao mbili za kusimama zina upana wa 70 kila moja. Zile mbili za kulala zitaingia kwa ulimi wa milimita 10 kila upande, basi urefu wake ni 400, toa 140, ongeza 20: milimita 280. Wengi hapa huchukua kipande chembamba cha upana wa 70, wakakishika kwa vidole na kukata kichwa chake kwenye spindo. Kipande kinayumba, kinapinda, nyuzi za ukingoni zinabanduka, na vidole viko palepale. Ewe fundi, kwa nini? Chukua ubao mpana ambao bado hujaupasua, uukate urefu wa 280, uufunge kwenye meza inayotelezeshwa na kipande cha mbao chakavu nyuma yake, ukate vichwa vyake vyote viwili. Kisha ndipo uupasue upate mbao zako za kulala. Ulichokishika kilikuwa kikubwa na kizito, kilichobanduka kilibanduka kwenye chakavu, na ndimi zote zimetoka sawa. Baada ya hapo geukia kingo ndefu, sura za mbele zote zikitazama upande mmoja, maana ukigeuza ubao mmoja tu mlango utakuwa na ngazi kwenye maungio. Na kabla ya ubao wa mninga kuguswa, jaribu kwenye kipande chakavu cha unene ule ule. Unganisha kona kwa mkono, pitisha ukucha juu ya kiungo. Ukucha ukikwama, rekebisha kimo cha kichwa, ujaribu tena.

Paneli ndiyo inayotamanisha watu kufanya haraka. Weka kichwa chini ya ubao, visu vifunikwe na ubao wenyewe. Visu vikiwa chini, ubao ukiinuka kidogo vinakata pungufu, nawe unaupitisha tena. Visu vikiwa juu, ubao ukiinuka umeharibika, na mkono uko karibu na chuma kilicho wazi. Chagueni namna ya kazi ambayo kosa lake linasameheka! Anzeni na kingo zinazokata nyuzi, kisha zile zinazofuata nyuzi, ili mpasuko wa mwanzo uondolewe na mkato wa pili. Na msichukue kina chote kwa mara moja. Pitisheni mara mbili au tatu.

Paneli hiyo haipakwi gundi. Acheni nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande ndani ya mfuo, icheze. Mninga ni mti mtulivu, hausinyai sana, lakini mlango uliotengenezwa kwenye unyevu wa Dar es Salaam ukapelekwa kwenye ukavu wa Dodoma utajikaza, na paneli iliyogandishwa itapasuka katikati. Mteja wako hatakuona siku hiyo. Mungu atakuona. Bwana wetu alilelewa nyumbani kwa seremala, na ndugu zetu Waislamu wamefundishwa kwamba Nabii Zakaria aliifanya kazi hii hii. Watu wa kazi hii wasidanganye mahali pasipoonekana.

Wenye karakana, sasa naongea nanyi peke yenu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo Tanzania tangu 2003, na Kenya wana yao ya 2007. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo hapa Tanzania. Lakini kijana uliyemwita asubuhi kwa posho ya siku, asiyeandikwa popote, anakutegemea wewe tu. Umemwagiza ajaze oda ya jiko zima kufikia Ijumaa, ukamwachia mashine isiyo na kinga, ukaenda kutafuta mteja mwingine. Akikatwa unampa nauli ya hospitali na kuleta mwingine. Nimeona mafundi hodari, wenye macho ya kupima unyoofu wa ubao bila rula, wakifungua mlango kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukunjiki tena. Fidia gani inawarudishia kazi yao? Usimweke kijana kwenye spindo kabla hajaweza kukueleza kwa kinywa chake mzunguko unakwenda wapi, kisu kimeshikwa na nini, na mkono wake wa kushoto utakuwa wapi ubao ukifika mwisho. Mkataze glavu, mkataze mikono mirefu ya shati inayopepea. Mpe kitambaa kizuri cha kufunika pua, maana vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Na la mninga huwasha ngozi na kubana kifua hata kabla ya hapo.

Nanyi mnaonunua, mnaokuja kupunguza bei ya mlango mpaka fundi anabaki na pesa ya gundi tu: kabla ya kutaja bei, ombeni kuiona mashine. Kama iko wazi, semeni wazi kwamba mtanunua kwingine, na kweli nendeni kwingine.

Basi wewe mwenye karakana, usingoje mkaguzi. Nenda leo nyuma ya lile rundo la mabanzi, itoe kinga uliyoivua, uitafutie nati zake na uirudishe mahali pake, na kijana akifika asubuhi aikute imekazwa. Kama haipo, usiiwashe spindo mpaka umetengeneza kinga nyingine.