Mtu Asiyetoa Sauti

Kwa Kiswahili cha mjini, kondakta ni yule kijana anayening'inia mlangoni mwa daladala. Haendeshi gari, lakini bila yeye gari haliondoki wala halisimami. Neno hilo hunijia kila ninaposoma habari za watu wanaosimama mbele ya okestra za vijana wakiwa na kijiti mkononi. Nao hawapigi chombo chochote. Jukwaani pana vijana mia, na huyo mmoja peke yake ndiye asiyetoa sauti. Bado jina lake ndilo linaloandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo.

Nasoma shahada ya uzamili katika falsafa, na swali linalonisumbua hapa ni la maadili kuliko la muziki. Mtu ambaye chombo chake ni watoto wa wenzake ana deni gani kwao? Na nchi inapowaka moto, je, deni hilo linamtaka aseme au linamtaka anyamaze?

Nitalichukua swali hili hadi Venezuela, kwa sababu huko liliulizwa hadharani na likajibiwa kwa gharama.

Mwaka 1975 José Antonio Abreu, mwanauchumi aliyekuwa pia mwanamuziki, aliitisha mazoezi ya kwanza ya okestra ya vijana katika gereji ya kuegeshea magari jijini Caracas. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa ameandaa stendi 50 za nota. Walikuja watoto 11. Kutokana na hao ulikua mpango unaojulikana duniani kama El Sistema, uliosambaa nchi nzima na kufikia mamia ya maelfu ya watoto, wengi wao wa familia zisizo na uwezo. Abreu aliamini kwamba mtoto anayejifunza kumsikiliza mwenzake kwenye okestra anajifunza kuishi na watu. Lakini alikuwa na kipaji kingine kisichosifiwa sana: alijua kuishi na kila serikali. Marais walikuja na kuondoka, wa mrengo huu na wa mrengo ule, na fedha hazikukatika. Fidla, selo, mshahara wa mwalimu, nauli ya mtoto, vyote vina mlipaji, na mlipaji mkuu alikuwa dola.

Gustavo Dudamel, aliyezaliwa Barquisimeto mwaka 1981, ni tunda la mpango huo. Alianza na fidla, akashika kijiti angali kijana, na mwaka 2004 akashinda mashindano ya waongozaji wa okestra yaliyofanyika Bamberg, Ujerumani. Mwaka 2009 akawa mkurugenzi wa muziki wa Los Angeles Philharmonic nchini Marekani. Hata hapo hakuwaacha vijana wa kwao. Aliendelea kurudi na kuwaongoza, akawapeleka kwenye kumbi ambazo wazazi wao hawakuwahi kuota kuziona.

Tarehe 12 Februari 2014, Siku ya Vijana nchini humo, Dudamel aliongoza tamasha huku waandamanaji wakiuawa katika mitaa ya Caracas. Mpiga piano Gabriela Montero, naye Mvenezuela, aliandika barua ya wazi kumlaumu. Mwaka 2015 Dudamel alijieleza kwa maandishi. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba El Sistema ni kubwa kuliko siasa, na kwamba akijiingiza kwenye ugomvi wa vyama ataufanya mpango wa watoto kuwa mali ya upande mmoja.

Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Ni rahisi kudai ushujaa wa mtu mwingine, hasa pale watakaolipia ushujaa huo ni watoto. Mwongozaji mwenye mkataba Los Angeles akikasirikiwa na rais wa nchi yake, yeye atalala kwake salama. Mtoto wa kitongoji cha Caracas ndiye atakayeulizwa fidla anayoipiga ni ya nani.

Kisha ukaja mwaka 2017. Tarehe 3 Mei, kijana Armando Cañizales, aliyekuwa amepiga viola katika mpango huo huo, aliuawa katika maandamano Caracas. Safari hii Dudamel hakunyamaza. Alitoa tamko akiitaka serikali iwasikilize wananchi, na miezi iliyofuata akaandika tena kuikosoa. Mwezi Agosti serikali ikafuta ziara ya okestra ya taifa ya vijana, ambayo ilikuwa iende naye Marekani mwezi Septemba. Vijana waliokuwa wakiingojea safari ile wakabaki nyumbani.

Kwa hiyo yale ambayo Dudamel aliyahofia yalitokea. Alisema, na vijana wakalipa. Je, hilo linathibitisha kwamba ukimya ulikuwa sahihi?

Nadhani halithibitishi, na sababu yangu imo ndani ya kazi yenyewe ya kuongoza okestra. Mtu akinyamaza nyumbani kwake, amenyamaza. Mwongozaji hana nafasi hiyo. Okestra inayopiga kwenye sherehe ya dola, mbele ya kamera za dola, siku ambayo watu wanazikwa, tayari inasema jambo, na inalisema kwa midomo ya watoto. Hivyo miaka yote ile hapakuwa na kipindi cha ukimya kilichofuatwa na kipindi cha maneno. Vijana walikuwa wakisemeshwa tangu mwanzo, na jambo walilosemeshwa lilichaguliwa na wengine. Gharama ilikuwepo pia, ila ilikuwa haijaletewa ankara. Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Mpango uliokula cha dola kwa miongo kadhaa ulikuja kuombwa cha kwake, na cha kwake kilikuwa watoto.

Kuna kipimo kingine ninachokiamini, nacho nilikipata kwenye kwaya. Kwetu anayeongoza kwaya haitwi kondakta, anaitwa mwalimu. Nilipokuwa sekondari, parokia yetu iliombwa kwaya ya vijana ikaimbe kumpokea mgombea mmoja uwanjani. Tuliahidiwa usafiri, soda na sare mpya. Mwalimu wetu alitukalisha baada ya mazoezi, akatuambia: “Wanangu, hawa wametuita kwa ajili ya kura. Anayetaka kwenda aende, asiyetaka abaki, na Jumapili sitamuuliza mtu.” Tulikuwa thelathini na kitu. Walienda kumi na tisa. Mimi nilibaki. Jumapili nilisimama palepale kwenye safu ya sauti ya pili, na kweli hakuniuliza. Sare nilipewa kama wenzangu.

Mwalimu yule alikuwa mkali. Ukichelewa kuingia kwenye ubeti alikusimamisha peke yako uimbe mpaka upatie. Kwenye mapigo ya wimbo hakutaka ushauri wa mtu, na alikuwa na haki, kwani kundi haliwezi kwenda kwa kasi thelathini tofauti. Mtafiti Geoffrey Baker, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu El Sistema, aliikosoa okestra yenyewe kama mfano wa jamii: mmoja anaamuru, wengi wanatii. Nakubaliana naye kwamba hatari ipo. Lakini naona hatari inaanzia mahali mahsusi, pale mamlaka juu ya kasi ya wimbo yanapogeuka kuwa mamlaka juu ya dhamiri ya mpigaji. Mwalimu wetu aliyashika ya kwanza kwa mikono miwili, na ya pili hakuyagusa.

Mtu atasema mtoto wa miaka 9 hawezi kupima siasa, kwa hiyo kumwachia uamuzi ni kumtwika mzigo wa mkubwa. Ni kweli. Kwa watoto wadogo hivyo, nadhani mwongozaji anapaswa kukataa kwa niaba yao, na akataze mapema, wakati kukataa bado ni kazi ndogo. Anayesubiri hadi damu imwagike atakuta kila njia iliyobaki inawaumiza. Kwa wakubwa kidogo inatosha waambiwe ukweli: nani ametuita, kwa nini, na kwamba kiti chako kitakusubiri usipokuja.

Swali hili halijaishia Amerika ya Kusini. Nairobi, katika mtaa wa Korogocho ulio jirani na dampo la Dandora, mpango wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 umewafundisha vijana fidla na tarumbeta, na wakubwa wao sasa wanawafundisha wadogo. Popote penye kundi la namna hiyo watafika wageni wenye kamera na hotuba, na baadhi yao watakuwa watu wema kabisa. Vijana wakipendeza jukwaani, watu wazima watapanga foleni kupiga nao picha.

Dudamel namheshimu kwa tamko la 2017, na sioni kwamba linafuta miaka iliyotangulia. Kama ningekaa naye, nisingemuuliza kwa nini alichelewa kusema. Ningemuuliza kama katika miaka ile yote kuna kijana hata mmoja wa okestra yake aliyemwambia, “Maestro, leo sipigi,” na kesho yake akarudi akakuta kiti chake kipo.