Jembe la Mgeni Mzee

Wahenga walinena: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi twalitumia neno hili kumcheka mgeni mvivu, lakini lina maana iliyo njema zaidi. Jembe halimtesi mgeni, bali lamfanya kuwa mtu wa nyumba. Tangu siku aliposhika mpini, asipoonekana shambani watu watauliza, "Yuko wapi?" Basi yafaa tufikiri habari za watu ambao hakuna awapaye jembe: wazee waliomaliza kazi zao, wasio na mume wala mke, waliokwenda kukaa katika nchi isiyo yao.

Wako wengi wa namna hiyo katika pwani ya mashariki ya Hispania iitwayo Costa Blanca, na miongoni mwao ni Wanorwei. Sababu ya kuhama kwao si ngumu kuifahamu. Nchi yao iko kaskazini sana. Katika mji wa Tromsø jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari, na njia hufunikwa na barafu, ambapo mzee akiteleza huweza kuvunjika mfupa. Hispania jua lapatikana hata wakati wa baridi. Tena mapatano ya Eneo la Uchumi la Ulaya, yaliyoanza kutumika mwaka 1994, yamewafungulia Wanorwei mlango wa kukaa huko. Ndiyo sababu katika mji wa Alfaz del Pi lugha yao husikiwa njiani. Hata Kanisa la Mabaharia, chama kilichoanzishwa Bergen mwaka 1864 kwa ajili ya mabaharia walio mbali na kwao, lina nyumba zake pwani hiyo, Torrevieja na Albir. Huko wazee hunywa kahawa, hula mikate laini iliyochomwa katikati ya vyuma viwili, na kuzungumza kwa lugha ya mama zao.

Mtu aweza kusema: Basi wamepata yote, jua, pensheni na wenzi wa mazungumzo, wanapungukiwa na nini? Nami najibu: Hawapungukiwi na watu wa kuwasalimu, bali huenda wakapungukiwa na mtu wa kuwauliza. Kusalimiwa ni jambo moja, kukosekana ni jingine. Yule anayenywa kahawa nawe Jumanne, usipokuja Alhamisi, atadhani umesafiri. Maana katika mji wa wageni kila mtu huenda na kurudi. Joto la Julai likiwadia, wengi hurejea kwao kaskazini. Nani atajua kwamba huyu hakusafiri, bali ameanguka jikoni na hawezi kuinuka? Aliye na mwenzi nyumbani anaye wa kumwinua. Aliye peke yake ana mlango uliofungwa kwa ndani.

Je, mwenyeji wa nyumba ya pili hawezi kumwuliza? Aweza, lakini hata saa za chakula zawatenga. Mhispania hula chakula cha mchana yapata saa nane, na cha usiku saa tatu au baadaye. Mnorwei kwa desturi ya kwao hula chakula chake kikubwa saa kumi au kumi na moja jioni. Mmoja anapoosha sahani, mwingine hajawasha moto. Lugha nayo huwatenga, kwa kuwa katika jimbo lile hunenwa Kihispania na Kivalensia, na mzee wa miaka 70 huona haya kujifunza kama mtoto.

Wengine husema kwamba mtu aliyetumika miaka 40 amejipatia haki ya kupumzika, wala hana deni kwa mtu. Neno hili ni kweli nusu. Pensheni ni malipo ya kazi iliyokwisha. Yamwachilia mtu kutoka kwa bwana wake wa kazi, wala haimwachilii kutoka kwa jirani. Tena fedha yaweza kumlipa mpishi, dereva na mwuguzi, lakini haiwezi kununua kukumbukwa. Mtu hukumbukwa mahali ambapo kuna jambo lisilokwenda vema pasipo yeye.

Hapo ndipo penye jibu. Mgeni kijana hupewa jembe na mwenye nyumba. Mgeni mzee hana budi kulitafuta mwenyewe. Nalo si lazima liwe zito. Mmoja aweza kuchukua zamu ya kupika kahawa, hata asipofika birika liwe tupu na watu washangae. Mwingine aweza kushika ufunguo wa jirani yake na kumpa wake, wakapatana kwamba kila asubuhi kila mmoja afungue dirisha, na lisipofunguliwa mwenzake aende kubisha. Mwingine aweza kujifunza maneno machache kila juma, apate kumwuliza mama Mhispania wa ghorofa ya chini habari za goti lake. Maana mama yule hasafiri Julai.

Mambo haya humpunguzia mtu uhuru wake. Aliyepewa zamu hawezi kwenda atakako siku yoyote. Lakini aliye huru kabisa na watu, watu nao wako huru kabisa naye.

Wala tusiwahukumu Wanorwei. Wako wana wetu walioko Ulaya na Marekani, ambao watazeekea huko. Na katika miji yetu wako wazee waliotoka mbali, ambao wenzao wamekufa na watoto wao wametawanyika. Tukimsalimu mzee wa namna hiyo njiani, tumefanya vema. Tukimwomba atushikie ufunguo, tumempa jembe.