*TAFAKURI YA LEO, RAMADHANI 23: POCHI NA HESHIMA*



Ndugu yangu, simama kidogo pale stendi ya Msamvu utazame pochi zinazopita. Louis Vuitton na Gucci zimejaa, nyingi ni feki, na kwa macho tu huwezi kutofautisha. Kilichotengenezwa Ufaransa na Italia ili wachache wajitofautishe nacho, leo kinaning'inia kila bega.

Jiulize: heshima inayoigwa kwa cherehani ni heshima gani?

Qaruni aliwatokea watu wake na mapambo yake, wakatamani wangekuwa yeye. Kisha ardhi ikammeza, yeye na nyumba yake (rejea Suratul Qasas, aya 76 hadi 82).

Saumu je? Ukijificha mchana ukanywa maji, sisi hatutajua. Allah anajua. Kwake feki haipiti.

Idi hiyo inakuja. Dada yangu, usikope ili uonekane. Wala usimcheke mwenye pochi feki, maana kudharau watu ndiyo kiburi chenyewe. Tanguliza Zakatul Fitri, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, kabla ya swala ya Idi. Atakayeipika hataulizia pochi yako.

Allah atupambe kwa taqwa. Aamin. 🤲