Mtu Atafutaye Gizani

Mahubiri. Somo: Ayubu, mlango wa 28



Kabla ya kuendelea na maneno haya yetu, fungueni Kitabu cha Ayubu, mkausome mlango wa 28 wote. Humo Ayubu, mtu aliyeketi majivuni, aacha kwa ghafula kujitetea mbele ya rafiki zake, naye aanza kusimulia habari za wachimba madini. Aeleza jinsi mtu ashukavyo mahali pasipo mwanga, mbali na nyayo za watu, katika njia ambayo hata ndege mwenye macho makali hakuipata kuiona. Azuia vijito, apekua mizizi ya milima, atoa nje yaliyofichwa. Ndipo auliza hekima yaonekana wapi, na kilindi chenyewe chakiri kwamba haimo ndani yake. Sisi wahubiri twapenda mwisho wa mlango huu, na mwanzo wake twaupita mbio. Leo twataka kukawia mwanzoni, maana iko kazi ifanywayo katika siku zetu ambayo Ayubu angaliitambua mara moja.

Katika Marekani, jimbo la South Carolina, uko mto uitwao Cooper, ushukao baharini penye mji wa Charleston. Chini ya mto huo watu hutafuta meno ya papa. Papa wenyewe hawako tena. Nchi ile ya pwani zamani ilikuwa bahari, na ndani yake aliishi papa mkubwa kuliko wote waliojulikana, ambaye wataalamu wamemwita megalodoni. Wanasema alikwisha duniani yapata miaka milioni 3 na nusu iliyopita. Mifupa ya papa ni laini, kama ile itegemezayo sikio la mtu, nayo huoza upesi. Lakini meno yake ni magumu, na papa mmoja huangusha maelfu ya meno maishani mwake, kwa kuwa kila ling'okapo lingine lasogea mahali pake. Basi meno hayo yalizama katika tope la bahari, yakageuka kuwa jiwe, yakapata rangi nyeusi au ya kijivu kwa dawa za udongo. Mto nao wakata udongo ule wa kale, wayaosha, wayakusanya pamoja na changarawe katika mabonde ya chini. Jino kubwa hupita sentimeta 15, hata lafunika kiganja cha mtu mzima. Lisilo na kasoro huuzwa kwa mamia ya dola, na mengine hupita elfu.

Hapa twasimama kidogo kwa ajili ya ndugu zetu wainjilisti na waalimu. Kijana aliyesoma shule atawaletea hesabu hiyo ya miaka, naye atawatazama usoni aone kama mmeogopa. Msimfokee. Kanisa lilipata kuaibika kwa meno haya haya. Katika kisiwa cha Malta, ambako Mtume Paulo alipona meno ya nyoka (Matendo 28), meno ya papa yaliyogeuka jiwe yaonekana kwa wingi katika miamba, na watu walinena kwamba hizo ni ndimi za nyoka, zilizofanywa mawe kwa laana ya Paulo. Wakaziuza kuwa kinga ya sumu. Luka hakuandika neno hilo hata moja. Yeye asema tu kwamba Paulo alimkung'utia nyoka motoni. Katika mwaka 1666 wavuvi walimkamata papa karibu na Livorno katika Italia, na kichwa chake kikapelekwa Florence kwa Niels Stensen, tabibu Mdenmarki aliyelelewa Copenhagen katika Kanisa letu la Kilutheri. Akayatazama meno ya papa yule, akaona yafanana na zile ndimi za mawe, naye akayaandika hayo mwaka uliofuata. (Baadaye aliingia Kanisa la Rumi, akawa askofu huko. Hatutamnyima heshima yake kwa ajili hiyo.) Imani ya Kristo haikupungukiwa na kitu siku ile, waliopungukiwa ni wauza mawe.

Sasa turudi mtoni. Sisi wenyewe hatukupata kushuka huko, twasimulia waliyoyaeleza walioshuka. Mpiga mbizi huvaa vazi la mpira, hujifunga vipande vya risasi kiunoni apate kuzama, hubeba mgongoni mtungi wa chuma uliojazwa hewa iliyoshindiliwa, na kutoka mtungini waja mpira mpaka kinywani mwake. Maji ya Cooper ni kama chai ya rangi, kwa majani na mizizi ya misitu ya vinamasi. Akishuka mita chache, jua limekwisha. Hata taa aliyoifunga kichwani haimwonyeshi kitu mbali kuliko urefu wa mkono, na mara nyingi haifiki hapo. Hivyo huona kwa vidole.

Tena mto wenda kasi. Maji ya bahari yanapojaa na kupwa huusukuma huku na huku, na watu huvizia saa ile fupi yanapotulia. Na sehemu ya nguvu ile yatokana na mikono ya wanadamu: katika mwaka 1942 maji ya mto mwingine, Santee, yaligeuzwa yakaingia katika Cooper kwa ajili ya kupata umeme, na mto uliokuwa mdogo ukawa mkubwa. Ulichukua tope jingi hata bandari ya Charleston ikajaa, nao watu wakalazimika kurudisha sehemu kubwa ya maji hayo Santee mwaka 1985. Ayubu alisema habari za mtu azuiaye vijito. Hakusema kwamba mtu huyo hujua vijito vitafanya nini baadaye.

Mpiga mbizi, ili asichukuliwe, hushika bisibisi kubwa au chuma chenye ncha, hukichoma chini, hujivuta, hukichoma tena. Hutambaa hivyo juu ya changarawe, tumbo chini, huku akipapasa. Juu yake zapita mashua. Kando yake yamelala magogo ambayo yaweza kumnasa. Mamba nao wamo katika mto ule. Lakini wenye kazi hii wasema hofu kubwa iko katika mtungi. Kwa kina cha mita 10 kila pumzi hula hewa mara mbili ya ile ambayo ingeliwa juu. Mtu ajitahidiye kupingana na maji hula zaidi. Na mtu aogopaye hula kuliko wote, kwa kuwa hofu huharakisha pumzi, na pumzi zikikimbia hewa yaisha, na hewa ikipungua hofu yazidi.

Basi wameweka kanuni. Hewa ikifika kadiri fulani katika kipimo, mtu hugeuka na kupanda, akiwa amebakiza akiba. Hageuki kwa kuwa amechoka, wala kwa kuwa changarawe imekwisha. Pengine ndipo tu kidole chake kimegusa meno matatu mahali pamoja, na yaonekana la nne liko hatua moja mbele. Ni hapo watu hupotea. Mto haukumficha neno. Kipimo kilikuwa mkononi mwake, nacho kilisema kweli. Ayubu amalizapo asema kwamba kujiepusha na uovu ndiyo ufahamu, na sisi mara nyingi twahubiri kana kwamba uovu ni kitu kilicho na harufu mbaya. Jino lile la nne halina harufu. Ni jema, ni zuri, halikuibwa kwa mtu. Wangapi katika sharika zetu wamezama kwa kitu kisicho na dhambi ndani yake, shamba moja zaidi, deni moja zaidi la biashara, mwaka mmoja zaidi mjini kabla ya kurudi kwa mke na watoto? Nasi wachungaji pia, mkutano mmoja zaidi. Na kipimo chetu sisi hatukupewa kukiona. Pumzi iliyo puani mwetu ni ya Mungu, Ayubu mwenyewe alikwisha kusema, nasi hatujui imebaki kiasi gani.

Liko neno jingine la kazi hiyo ambalo tulistaajabia. Yeye apandaye kutoka chini hana ruhusa kuizuia pumzi. Hewa aliyoivuta chini yatanuka kifuani kadiri apandavyo, na mtu akiifungia ndani kwa hofu, yapasua mapafu yake. Yampasa aitoe njia nzima. Mwalimu akifundisha Mathayo 16, pale Bwana aliponena juu ya kuiokoa nafsi na kuipoteza, atapata hapa mfano ambao vijana watausikiliza.

Lakini mkono upapasao changarawe ukitafuta jino hukutana na vitu vingine pia. Kando ya Cooper yalikuwako mashamba makubwa ya mpunga tangu miaka ya 1700, na walioyafanya ni Waafrika, waliotekwa katika pwani za magharibi na katika nchi za Kongo na Angola. Charleston ilipokea watumwa wengi kuliko bandari yoyote nyingine ya Amerika ya Kaskazini. Wao ndio waliokata misitu ya vinamasi, wakainua matuta maili kwa maili kwa jembe na kikapu, wakaweka milango ya maji, wakasimama topeni hata wengi wakafa kwa homa. Hata utumwa ukakomeshwa mwaka 1865. Chini ya mto, mbele ya mashamba yale, wapiga mbizi wameona mabakuli ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono, pasipo gurudumu, kama mama zetu Wapare na Wakisi wafinyangavyo hata leo. Mengine yamechorwa msalaba chini ya kitako. Mtaalamu Leland Ferguson aliandika mwaka 1992 kwamba alama zile zafanana na ishara ya Wakongo ya mpaka kati ya walio hai na waliokufa, mpaka ambao kwao ni maji. Wengine hawakubaliani naye. Sheria ya jimbo lile ya mwaka 1991 yataka mpiga mbizi awe na hati na atoe habari za vitu alivyovipata, na kwa njia hiyo mambo mengi ya watu wale yamejulikana ambayo vitabu havikuyataja.

Ndugu, tuwaze mtu huyo ameshika bakuli gizani. Alishuka kwa ajili ya kitu chenye bei. Jino la mnyama aliyekwisha duniani lina bei. Mwenye bakuli naye alikuwa na bei zamani, maana katika daftari za mashamba yale watu waliandikwa pamoja na ng'ombe, kila mmoja na thamani yake, mara nyingi kwa jina moja la kupewa. Jina alilopewa na mama yake halimo. Naye aliosha bakuli mtoni jioni moja likamponyoka, au alilitupa kwa makusudi akiomba asilojua kuliomba kwa lugha ya mabwana zake. Hatujui. Mto haukusema.

Bwana wetu naye alishuka. Tukisema katika Imani kwamba alishuka kuzimu, tusiharakishe neno hilo. Hakubakiza akiba. Palipo na kanuni ya kugeuka yeye alipita, akaitoa pumzi yake yote mikononi mwa Baba (Luka 23), akaenda chini mpaka mahali ambapo hakuna mkono unaopapasa tena, wala hakutafuta kitu chenye bei. Aliwatafuta walioandikwa pamoja na ng'ombe. Giza kwake si giza, asema Daudi katika Zaburi ya 139, naye hahitaji vidole ili amtambue mtu.

Yohana katika Ufunuo, mlango wa 20, aliiona bahari ikiwatoa wafu waliokuwamo. Mto Cooper hakuutaja, lakini maji yake yote huishia baharini.

Amin.