Kuni Kavu, Kuni Mbichi



Nilipoombwa kuandika machache katika gazeti letu, wengi walidhani nitaandika juu ya shule, maana ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipotoka chuo cha ualimu hata nilipostaafu. Lakini leo nataka kusema juu ya kuni. Msicheke. Katika kuni nimekutana na swali lililonishinda kuliko hesabu zote nilizopata kufundisha.

Kuchanja kuni nilijifunza chuoni. Elimu ya Kujitegemea, aliyoieleza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitekelezwa kwa jembe na shoka, nasi wanachuo tulipokezana zamu za kuni za jikoni. Mkufunzi wetu alituambia kwamba kuni hupikwa mara mbili, kwanza na jua, kisha na moto. Hakukosea. Mti uliokatwa leo una maji mengi, na kwa miti mingi maji hayo hukaribia nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, moto hauna budi kuyachemsha maji hayo kwanza. Joto ambalo lingeivisha maharage huishia katika mvuke na moshi.

Kwa hiyo hapa kwangu Muheza nafanya kazi hiyo mwezi wa Januari na Februari, kabla ya masika. Nakata michungwa iliyozeeka na matawi ya mikaratusi niliyoipanda mwenyewe. Nakata vipande vya urefu wa kutosha mafigani, kisha navichanja vingali vibichi, kwa kuwa miti mingi hupasuka vizuri kabla haijakauka. Penye fundo natia kabari. Naanza kwa kulaza magogo mawili chini ili kuni zisiguse udongo, maana mchwa hawana likizo. Kisha nazipanga chini ya paa la bati, pande zote wazi upepo upite. Baada ya miezi mitatu, minne au zaidi, ncha zinakuwa na nyufa, na ukigonganisha vipande viwili vinalia kwa sauti kali. Kuni mbichi hutoa sauti nzito, kama mtu anayejibu bila kupenda.

Sasa nije kwenye swali lenyewe.

Masika moja, mvua ikiwa imeshika siku ya nne, alikuja jirani yangu, mama mjane anayelea wajukuu wawili katika chumba cha kupanga. Tulisalimiana. Kisha akasema, “Mwalimu, nisaidie vijiti viwili vitatu. Wauza kuni hawapiti, na nilizo nazo zimelowa.”

Nikasema, “Hakuna neno, mama.” Nikaenda bandani. Upande mmoja zilikuwapo kuni kavu za tangu Januari. Upande wa pili ulikuwapo mti ulioanguka kwa mvua wiki ile ile, ambao nilikuwa nimeuchanja juzi. Nikasimama kidogo. Nikawaza kwamba masika bado marefu. Nikamfungia tita kubwa la zile mbichi. Akanishukuru sana, akaniombea baraka, nami nikarudi kwenye kiti changu nikijiona mtu mwema.

Kesho yake nilipita kwake. Moshi ulikuwa ukitoka mlangoni kana kwamba nyumba inaungua. Mama alikuwa amepiga magoti akipuliza, macho mekundu, na mjukuu mdogo akikohoa juu ya mkeka. Uji ulikuwa haujachemka. Aliponiona alijifuta macho, akasema, “Karibu Mwalimu. Tunashukuru, zinawaka hivyo hivyo.” Alikuwa akinisitiri. Alijua ni kuni gani nilizompa, akaona haya kwa ajili yangu.

Tangu siku ile nimejiuliza: Je, kuni zilizo bandani mwangu ni zangu kweli? Mti niliupanda mimi, shoka ni langu, na jasho ni langu. Asiyeweka akiba ana haki gani juu ya akiba ya mwenzake?

Nilitafuta kimbilio katika Maandiko. Nikakumbuka wale wanawali kumi katika Mathayo 25, na jinsi wenye busara walivyokataa kuwagawia wenzao mafuta. Nikasema, hapa nimepona. Lakini nilipoitafakari habari ile niliona hainitetei. Bwana anafundisha juu ya kuwa tayari kumpokea, na utayari wa moyo hauazimiki. Hakuna awezaye kuamini kwa niaba ya jirani yake. Kuni si kitu cha namna hiyo. Kuni hufungwa kamba, zikajitwikwa kichwani, zikavuka ua.

Tena nilijiambia kwamba yule mama angeweza kuweka akiba kama mimi. Hapo ndipo nilipojiona mjinga kuliko mahali pote. Ili kuweka kuni za miezi mitatu yahitajika shamba lenye miti, mikono yenye nguvu, paa la ziada, na fedha ya leo isiyodaiwa na chakula cha leo. Yeye hununua kuni za siku moja kwa fedha za siku moja. Niliuita wema wangu “busara”, kumbe sehemu kubwa yake ilikuwa ni nafasi niliyopewa.

Sisemi kwamba akiba ni dhambi. Akiba haiozi, na asiyejiwekea hatakuwa na cha kugawa. Wala sisemi mtu atoe zote, jioni yeye na watu wake walale njaa. Kama masika ni marefu na kuni ni chache, mtu anaweza kusema wazi, “Mama, leo nina vipande vitano tu, nitakupa viwili.” Hata kukataa waziwazi kuna heshima yake, kwa maana humwachia mwombaji nafasi ya kwenda kwingine. Nilichofanya mimi kilikuwa kibaya kuliko kukataa. Nilimpa kisichomfaa, nikapokea shukrani za kilichofaa.

Na moshi si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, ambayo sehemu kubwa ni moshi wa kupikia, ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tukimpa jirani kuni mbichi tunampa na moshi wake.

Eliya pale Karmeli alizimwagia kuni maji mara tatu, na moto wa Mungu ukaziteketeza. Lakini tusimwachie Mungu kazi ya muujiza pale ambapo sisi tungeweza kuleta kuni kavu.

Baada ya siku ile nilimpelekea yule mama tita jingine. Nilimwambia, “Zile za kwanza zilikuwa mbichi, nami nilijua. Nisamehe.” Alicheka, akasema yamekwisha. Siku hizi, kila Januari, napanga safu mbili bandani. Moja ni ya nyumbani kwangu. Ya pili ni ndogo, nami naichanja mapema ili nayo ikauke, maana sijui nani atabisha hodi mwezi wa Aprili.

Ndugu msomaji, huenda wewe huna banda la kuni. Lakini una unga, una nafasi katika gari, una saa moja ya jioni. Jirani anapoomba, tazama mkono wako unaelekea safu ipi.